Kipya Kinyemi: Historia Fupi ya Mahame ya Mtandaoni

Wahenga walinena: kipya kinyemi ingawa kidonda. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kumwonya mtu mmoja, akimbiliaye rafiki mpya akamsahau wa zamani. Lakini miji nayo ina maisha yake, na kipya huingia katika maisha ya miji kama kiingiavyo katika maisha ya watu. Mji hufunguliwa, hujaa, hupata jirani mpya mwenye kung'aa zaidi, kisha huhamwa na kuwa mahame. Makala haya yanahusu mahame ya namna ambayo wazee wetu hawakuijua: miji iliyojengwa ndani ya kompyuta, ikajaa maelfu ya watu, kisha ikaachwa tupu pasipo vita, pasipo njaa na pasipo maradhi.

Msomaji aliyezoea kukutana humu na tenzi na tahakiki za mashairi huenda akashangaa kuletewa habari za michezo ya mtandaoni. Namwomba anistahimilie. Swali linaloulizwa na michezo hiyo ni swali la pwani yetu tangu Kilwa ilipokuwa Kilwa: mahali pa kale hubaki vipi na maana pindi mahali papya panapofunguliwa?

Mimi nililikuta swali hili Kipawa, takriban kilomita 12 kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam, pale Barabara ya Nyerere inapopita kando ya uwanja wa ndege. Kipawa ndiko kilipo chuo cha VETA cha teknolojia ya habari na mawasiliano, na vijana wa kitongoji hicho hawaionei kompyuta haya. Kijana mmoja alinionesha kwenye kioo mji wenye kuta za mawe, benki, kisima na uwanja mpana. Katikati ya uwanja huo alisimama mhusika wake, peke yake.

"Hapa ndipo kila mtu alipoanzia, mzee," aliniambia.

"Na watu wenyewe wako wapi?"

"Wamehamia kwenye upanuzi."

Neno lile lilinigutusha. Katika michezo hii, upanuzi ni nchi mpya ambayo kampuni huiongeza juu ya nchi za awali na kuiuza kwa wachezaji. Katika masikio ya mtu wa Kipawa, upanuzi ni jambo jingine kabisa: ni uwanja wa ndege kukua, na nyumba kuondoka. Kijana yule hakukusudia fumbo, lakini fumbo lilikuwapo. Nitalirudia mwishoni, baada ya kueleza kwanza michezo hii ilianza vipi na miji yake ilihamwa kwa sababu gani.

Asili ya michezo hii ni maneno matupu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuunda mchezo ulioitwa MUD, ambao mwenzake Richard Bartle aliuendeleza baadaye. Humo watu kadhaa waliingia kwa wakati mmoja katika nchi isiyokuwa na picha hata moja. Kila chumba na kila pango vilielezwa kwa maandishi, na mchezaji naye aliandika alitakalo. Mpenzi wa ushairi hatalidharau jambo hilo: dunia ya kwanza ya aina hii ilisimamishwa kwa lugha, kama visimamishwavyo vita na safari ndani ya utenzi.

Picha zilifuata. Ultima Online ilifunguliwa mwaka 1997, EverQuest mwaka 1999, RuneScape mwaka 2001 na World of Warcraft mwaka 2004. Huko Korea Kusini, Lineage ilikwisha kuanza mwaka 1998. Katika yote hayo mchezaji huchukua uhusika wa mpiganaji, mganga, mchawi au mwizi, akaishi katika nchi moja na maelfu ya wenziwe, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, na nchi yenyewe huendelea kuwapo hata yeye akiizima kompyuta na kwenda kulala.

Karibu michezo yote hiyo imejengwa juu ya kupanda daraja. Mgeni huanzia daraja la kwanza, katika kijiji chenye maadui wanyonge. Akiwashinda, hupanda, na kijiji kile hakimfai tena: mbwa mwitu aliyemtoa jasho siku ya kwanza hana faida kwa shujaa wa daraja la 60. Hivyo nchi imepangwa kama ngazi, na kila kipandio humsukuma mtu mbele. Mwaka wa kwanza hakuna ubaya, kwani wageni ni wengi na vipandio vyote vina watu. Lakini wageni hupungua kadiri miaka inavyokwenda, nao wakongwe hurundikana juu. Hapo kampuni hutoa upanuzi wenye madaraja ya juu zaidi na silaha bora zaidi, na wakongwe wote huhamia huko kwa mkupuo. Ni kama nyumba inayoongezwa orofa kila baada ya miaka miwili, na kila orofa ikiongezwa wakaazi wote hukimbilia juu. Mgeni anayebisha hodi mlangoni hupanda orofa tano za giza peke yake kabla ya kusikia sauti ya mtu.

Na wageni hao ni sisi. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika, SEACOM mwezi Julai 2009 na EASSy mwaka uliofuata, intaneti ya Dar es Salaam ilitegemea zaidi setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 juu ya dunia. Ishara iliyokwenda na kurudi kwa njia hiyo ilichukua nusu sekunde au zaidi, na katika pambano nusu sekunde ni kifo. Vijana wetu walipopata njia nzuri ya kuingia katika nchi hizi, nchi zenyewe zilikuwa na umri wa miaka mitano na kumi. Waliikuta milango wazi na nyumba tupu. Ndiyo maana sioni kuwa habari hii ni ya Wamarekani na Wakorea peke yao.

Tuanze na mahali palipokufa, tujue palikufa kwa nini. Katika miaka ya mwanzo ya EverQuest hapakuwa na soko lililojengwa na kampuni. Wachezaji wenyewe walichagua handaki moja katika mbuga za East Commonlands, si mbali na mji wa bandari wa Freeport, wakasimama humo na kunadi mali zao kwa kupaza sauti. Mtu aliyetaka panga au kanzu ya kinga alikwenda handakini, akasikiliza, akapatana bei. Kuvuka bara moja hadi jingine kulihitaji jahazi. Wasafiri walilisubiri gatini, na katika kusubiri wakazungumza, wakafahamiana, wakafunga safari pamoja. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa urafiki unaozaliwa pale watu wanapokingoja chombo.

Kisha, mwezi Desemba 2001, upanuzi uitwao Shadows of Luclin ulileta Bazaar, soko rasmi ambamo mhusika aliachwa amesimama akiuza huku mwenyewe akiendelea na shughuli zake. Handaki likanyamaza. Mwaka 2002 upanuzi mwingine, Planes of Power, ulileta mji wa kati ulioitwa Plane of Knowledge, wenye milango ya miujiza inayompeleka mtu karibu na kila mji kwa kufumba na kufumbua. Jahazi halikuwa na abiria tena. Hakuna aliyelibomoa handaki wala aliyezichoma bandari. Kilichotokea ni kwamba njia ilihama.

Pwani yetu iliyajua haya kabla ya kompyuta kubuniwa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji mkubwa, uliotajirika kwa dhahabu iliyokuja kutoka upande wa Sofala. Wareno waliuvamia mwaka 1505, na biashara iliyoulisha ikavurugika. Katika karne ya 19, misafara ya kusini ilipopata nguvu, iliteremkia bara, Kilwa Kivinje, na Kilwa Kisiwani ikabaki na msikiti wake mkuu na Husuni Kubwa yake. Bagamoyo nayo ilikuwa lango la misafara na makao ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, makao yalipohamishiwa Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Sayyid Majid katika miaka ya 1860. Mwaka 1905 ujenzi wa reli ukaanzia Dar es Salaam kuelekea Morogoro, na mzigo uliokuwa ukibebwa kichwani hadi Bagamoyo ukapanda behewa. Hakuna mji uliokufa hapo kwa uzee. Mji wa kale hufa njia inapopita kando yake.

Kama hiyo ndiyo sababu ya kifo, dawa yake nini? Watunzi wa michezo wamejaribu dawa nyingi kwa miaka zaidi ya ishirini, na historia ya majaribio hayo ina mafunzo kwa yeyote anayeupenda mji mkongwe.

Dawa ya kwanza ni chambo. Mwaka 2000 Ultima Online iliigawa nchi yake katika nakala mbili. Ya zamani, Felucca, iliendelea na sheria ya kale, ambapo mchezaji aliweza kumshambulia na kumpora mwenzake. Ya pili, Trammel, ilikuwa na ramani ileile, ila wizi na mauaji ya namna hiyo yalizuiwa. Watu wakahamia kwenye usalama, na Felucca ikawa pori. Kampuni ikaamua kuipa Felucca faida: anayechimba madini au kukata miti huko alipata maradufu, na hati fulani za thamani za kuongeza ujuzi zilipatikana huko pekee. Watu walirudi, lakini walirudi kama wachumaji. Pemba huingiwa na watu wengi wakati wa karafuu, na hakuna asiyeufurahia msimu huo. Lakini mchumaji akishalipwa hufunga mzigo wake. Chambo huleta miguu. Moyo wa mtu hubaki kule alikotoka.

Dawa ya pili ni kubomoa na kujenga upya. World of Warcraft ilitoa upanuzi wake wa kwanza mwezi Januari 2007 na wa pili mwezi Novemba 2008. Kila mmoja ulikuja na mji mpya wa kati, Shattrath kisha Dalaran, na miji ya awali kama Ironforge, iliyokuwa imefurika watu usiku na mchana, ikatulia. Mwezi Desemba 2010 kampuni ilifanya jambo la kishujaa, na la hatari. Katika upanuzi ulioitwa Cataclysm, joka liliitetemesha dunia, na mabara mawili ya kale yakachorwa upya: mabonde yakapasuka, majangwa yakaingiwa na maji, hadithi za vijiji zikaandikwa tena. Pamoja na hayo, milango ya miujiza iliyokuwa ikiwarudisha watu miji mikuu kutoka Shattrath na Dalaran iliondolewa, na milango ya kwenda nchi mpya ikawekwa ndani ya miji mikuu ya awali, Stormwind na Orgrimmar. Mahali watu walipoifuata njia iliyohama, sasa njia ilirudishwa, nao wakarudi nayo. Hakuna ushahidi bora zaidi wa lile nililolisema juu ya jahazi na reli.

Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama. Waliokulia katika mabonde ya awali walirudi wasiyaone. Mahali palikuwa palepale kwa jina, na si palepale kwa kumbukumbu. Baadhi yao wakaanza kuendesha, bila idhini, nakala za mchezo wa mwaka 2004 katika seva zao wenyewe. Mwaka 2013 kiongozi mmoja wa mchezo huo, alipoulizwa hadharani kama nchi ya zamani itarudishwa, alijibu kwamba watu wanadhani wanaitaka, ila hawaitaki. Mwezi Aprili 2016 seva kubwa kuliko zote za aina hiyo, Nostalrius, ilifungwa kwa tishio la kisheria, na ombi la kuitetea nchi ya kale likapata saini zaidi ya laki mbili. Mwezi Agosti 2019 kampuni yenyewe iliufungua tena mchezo wa zamani kwa jina la Classic, na siku ya kwanza watu walipanga foleni ya saa kadhaa kuingia katika vijiji vilevile walivyoambiwa kuwa hawavitaki.

RuneScape ilitangulia kulijua hilo. Mwezi Februari 2013 iliwauliza wachezaji wake kwa kura kama wanautaka mchezo ulivyokuwa mwezi Agosti 2007, ambao nakala yake ilikuwa imehifadhiwa. Kura takriban laki nne na nusu zilipigwa, na Old School RuneScape ikafunguliwa mwezi huohuo. Iliwekwa kanuni kwamba jambo jipya haliingizwi bila kukubaliwa na robo tatu ya wapiga kura, kiwango kilichopunguzwa mwaka 2022 kikawa asilimia 70. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa. Mwaka 2015 wapiga kura haohao, waliorudi kwa ajili ya ukale, walikubali kuletewa soko kuu la kisasa, ingawa walijua kuwa litaua biashara ya kupigana kelele mbele ya benki. Kwa hiyo si kweli kwamba wapenzi wa mahali pa kale wanachukia kipya. Walichokidai ni kuulizwa.

Dawa ya tatu ni sikukuu. Karibu kila mchezo una misimu yake: mavuno, majira ya baridi, gulio linalozunguka. Kwa siku chache vijiji vilivyolala huwekwa taa na zawadi, na wakongwe hushuka kusherehekea. Nasi tunaijua dawa hii. Bagamoyo ilipata Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na tangu mwaka 1982 ikapata tamasha lililowaleta wachezaji ngoma na waigizaji kutoka kila upande. Unguja lilianza Tamasha la Filamu mwaka 1998 na Sauti za Busara mwaka 2004, na Ngome Kongwe, iliyojengwa kwa ajili ya bunduki, ikajaa magitaa na vinanda. Sikukuu si jambo dogo. Lakini mwenye duka wa Mji Mkongwe atakwambia kuwa mwaka una wiki nyingi, na tamasha ni moja. Tofauti ya Bagamoyo ni kwamba tamasha lake lilikuwa na chuo nyuma yake: wageni wakiondoka, wanafunzi hubaki.

Hapo ndipo tunapoifikia dawa ya nne, ambayo kwangu mimi ndiyo yenye hekima zaidi: kumshusha mkongwe ili akutane na mgeni. Mchezo wa Guild Wars 2, uliofunguliwa mwezi Agosti 2012, uliweka kanuni kuwa shujaa wa daraja la 80 akiingia katika kijiji cha wanaoanza, nguvu zake hupunguzwa zikalingana na kijiji hicho, huku tuzo anazopata zikiendelea kumfaa. Tena majitu makubwa hutokea kwa ratiba hata katika nchi za mwanzo kabisa, na kumshinda mmoja wao kunahitaji umati. Saa ikifika, mgeni aliyeanza juzi hujikuta bega kwa bega na mtu mwenye miaka kumi ya mchezo, wote wakimpiga adui mmoja. The Elder Scrolls Online ilifuata njia inayokaribiana na hiyo mwezi Oktoba 2016, ilipoondoa mipaka ya madaraja, mtu akaanzia na kurudia nchi yoyote atakayo.

Final Fantasy XIV iliukaribia mlango huohuo kwa upande mwingine. Mchezo huo ulishindwa ulipotoka mara ya kwanza mwaka 2010. Mwezi Novemba 2012 watunzi wake waliifunga nchi nzima kwa hadithi ya mwezi uliodondoka kutoka mbinguni, na mwezi Agosti 2013 wakaifungua upya. Ndani yake waliweka bahati nasibu ya kila siku: mkongwe anayekubali kupangiwa pango lolote la zamani, na watu asiowajua, hupewa ujira, na kama katika kundi lile yumo mtu anayeingia pango hilo kwa mara ya kwanza, wote huongezewa. Msomaji umeiona maana yake? Mgeni, aliyekuwa mzigo, amegeuzwa kuwa neema. Wazee wetu walikwisha kulisema kwa maneno manne: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tazama tofauti iliyopo kati ya dawa hii na ile ya chambo. Zote mbili hutoa ujira. Lakini Felucca ilimlipa mtu kwa kuchukua kitu mahali fulani, na pango la Final Fantasy humlipa kwa kukutana na mtu mahali fulani. Kule ujira ukikoma, safari hukoma. Huku, hata ujira ukipungua, huenda pamebaki urafiki. Lamu ni mji mkongwe kuliko miji mingi inayopigiwa kelele, na njia kuu za biashara zimeupita kando mara nyingi. Hata hivyo kila mwaka, kwa Maulidi, watu wa pwani yote huelekea kwenye Msikiti wa Riyadha, tangu zama za Habib Swaleh, na baada ya Maulidi darsa huendelea. Mwanachuoni mkubwa huketi chini, mkekani, mbele ya kijana anayeanza kusoma. Ameshuka daraja bila kupungukiwa na elimu yake. Na kijana, akiwa mkubwa, atakuwa na sababu ya kuurudia mji ule, na atakuja na mwanawe.

Sasa nirejee Kipawa, kwa lile fumbo la upanuzi. Uwanja wa ndege ulio pale una historia ya majengo matatu. La kwanza ni la miaka ya 1950. La pili, lililosanifiwa na Mfaransa Paul Andreu, yuleyule aliyesanifu jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle jijini Paris, lilifunguliwa mwaka 1984. La tatu, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka, lilifunguliwa mwezi Agosti 2019. Angalia yaliyotokea. Jengo la pili lilipofunguliwa, la kwanza halikuachwa kuwa mahame: lilipewa ndege ndogo, zile ambazo wasomaji wengi wa kurasa hizi wamezipanda kuja Unguja au kwenda Mafia. La tatu lilipochukua safari za nje, la pili likabaki na safari za ndani. Kila la kale lilipewa haja yake, na kwa kuwa lina haja, lina watu.

Lakini ulikuwapo pia upande wa pili wa ukuta. Ili uwanja upanuke, wakaazi wa Kipawa na majirani zao wa Kigilagila walitakiwa kuhama. Nyumba zao zilithaminiwa mwaka 1997, na miaka kumi baadaye wengi walikuwa bado wanasubiri. Msomaji apime maana ya muda huo. Nyumba iliyokwisha kuthaminiwa haijengwi upya, kwa kuwa nani ataongeza chumba ambacho hakitalipwa? Paa likivuja huzibwa kwa kipande cha bati. Mwenye duka haongezi shehena. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa tathmini alianza shule na kuimaliza darasa kwa darasa katika mtaa uliokwisha kufutwa kwenye ramani, ingawa bado ulikuwa na misikiti, makanisa, visima na majirani waliozikana. Hatimaye malipo yalikuja, na wengi wakaenda kuanza upya upande wa Pugu na kwingineko. Mtaa wao haukufa kwa kuhamwa na njia. Uliuawa na njia iliyoujia juu, nao ulikuwa hai.

Sisemi kuwa uwanja haukuhitajika. Nchi inahitaji viwanja, na michezo inahitaji nchi mpya. Kama RuneScape ilivyoonesha, hata wapenzi wa ukale huweza kukipigia kura kipya. Nasema tu kwamba majengo ya abiria yalipata bahati ambayo nyumba za watu hazikuipata: kuna aliyeketi akauliza, hili la zamani litafanya kazi gani sasa? Na wachezaji wa mwaka 2013 walipata heshima ambayo mtaa mzima uliisubiri kwa zaidi ya mwongo mmoja: waliulizwa mapema, wakajibiwa mwezi uleule.

Kwa hiyo historia ya mahame ya mtandaoni inatufundisha jambo moja ambalo magofu ya Kilwa yalikuwa yakitwambia kwa upole. Mahali pa kale hapaishi kwa kusifiwa. Kilwa Kisiwani iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sifa haikuyazuia mawimbi kula kuta zake, na ni kazi ya mikono, pamoja na ya wenyeji, iliyowezesha kuondolewa katika orodha ya hatari mwaka 2014. Mahali huishi kwa haja: pawe na jambo linalomlazimu mkongwe arudi na linalompa mgeni sababu ya kubaki, na mwenyeji awe na kauli juu ya jambo hilo.

Washairi wanalijua hili katika fani yao. Shairi la mizani kumi na sita na vina viwili limeziona bahari mpya nyingi zikifunguliwa, na mashairi huru yamekuja na wapenzi wake kwa haki. Lau shairi la kale lingetunzwa kwa kuhifadhiwa maktabani tu, lingekuwa Ironforge ya mwaka 2007: mji mzuri, usio na mtu. Limeishi kwa sababu malenga mkongwe bado hulazimika kulijibu swali la mshairi chipukizi kwa mizani na vina vilevile alivyoulizwa, mbele ya watu, na akipungukiwa hapati huruma.

Kabla sijaagana na kijana yule, nilimwomba tukae kidogo katika ule mji wake mtupu. Alicheka, akakubali. Tulikaa kama robo saa, ndege zikishuka juu ya paa letu mmoja baada ya mwingine. Mara akaingia mhusika mwingine, mwenye upanga wa mti na nguo za wanaoanza, akazunguka kisima mara mbili kama mtu aliyepotea. Kijana aliandika salamu, akamsubiri ajibu, kisha akaanza kumwelekeza ilipo benki.